Mgagani Pembeni mwa Pamba

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba jioni, ua la kwanza la mgagani lilifunguka mbele yetu. Dakika hiyo naijua kwa sababu Bwana Shamba aliitamka kwa sauti, kama karani anayesoma uzito wa gunia, na kuiandika katika daftari lake kabla mimi sijaona chochote. Halafu nikaona. Petali nyeupe zilikuwa zikijikunjua polepole, mojamoja, na nyuzi ndefu za zambarau zikichomoza katikati. Likafuata ua jingine, kisha manne kwa mpigo. Harufu ya mgagani, ambayo kwetu kila mtu anaijua kutoka chunguni, ilikuwa kali mchana kutwa. Sasa ikalegea, ikawa na utamu ndani yake.

"Usitikisike," aliniambia. "Mgeni yuko njiani."

Mgeni alifika saa kumi na mbili na dakika hamsini na tisa. Alikuwa nondo mdogo, mwenye rangi ya bua kavu la mtama, urefu wake kama kiungo cha mwisho cha kidole changu. Hakutua akatulia. Alilishika ua kwa miguu ya mbele huku mabawa yakiendelea kutetemeka, akanyoosha ulimi mwembamba kama uzi wa kushonea na kuutumbukiza ndani. Akaja wa pili. Baada ya robo saa sikuweza tena kuwahesabu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima, upande wa magharibi ulibaki na weupe kidogo, na ukingo wote wa shamba ulikuwa unatetemeka mbele ya weupe ule, kimya kabisa, kama maji yanapokaribia kuchemka. Sikujua kama nimesimama pale dakika kumi au saa nzima. Bwana Shamba alijua: dakika thelathini na moja.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimelima pamba misimu saba. Kila msimu niliwaua watoto wa nondo yule kwa mamia, wale funza wa kijani na wa kahawia wanaotoboa vitumba vya pamba na kuacha kinyesi chao mlangoni mwa tundu. Mama yao nilikuwa sijawahi kumwona.

Jina la Bwana Shamba sitaliandika, na wala sisi hatukulitumia. Aliletwa na serikali kijijini kwetu, upande wa Geita, miaka ile baada ya watu kuhamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani na kupangwa kwa mistari. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mstari wa tatu. Alikuwa mtu wa Tabora mjini, mrefu, mwembamba, suruali yake ya kaki imepigwa pasi ya mkaa hata siku za mvua. Katika mfuko wa shati alikuwa na kalamu mbili: ya bluu kwa mayai, nyekundu kwa funza. Ukimwazima moja alikuuliza kwanza unaandika nini.

Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani. Chetu kilikuwa cha shule na mnadani, na kilibeba Kisukuma ndani yake kama mchele unavyobeba chenga. Miezi ya kwanza wazee walikuwa wakimwamkia jioni, "Mwadila," naye, akidhani hiyo ni shikamoo ya kwetu, akiitikia kwa upole, "Marahaba." Wazee waliomzidi miaka ishirini! Walicheka wakashika mbavu, na hawakumsahihisha, kwa sababu walitaka kuendelea kucheka. Alipogundua, alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akiwa na orodha.

Alikuwa anaogopa ng'ombe. Katika nchi ya Wasukuma hilo ni gumu kulificha. Akiona kundi linakuja njiani alishuka kwenye baiskeli, akaisimamisha mbele yake kama ukuta, akasubiri mpaka mkia wa mwisho upite. Jirani yetu Mama Shija, mjane ambaye ulimi wake haukumwogopa mtu, alimkuta siku moja katika hali hiyo.

"Bwana Shamba, hao ni ng'ombe wa maziwa. Hawana habari na wewe."

"Mimi sina ugomvi nao, Mama Shija. Nasubiri nione wao wanasemaje."

"Wanasema upite, wana kiu."

Jambo la pili la ajabu ni kwamba hakuweza kulima. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na bustani ya matuta sita, na sijawahi kuona kitu kikikomaa humo. Kabichi ziliota vizuri, halafu akaja mdudu, naye badala ya kumwondoa akaketi juu ya kigoda na kumtazama. Aliandika alivyokula, upande upi wa jani, saa ngapi. Kabichi zikabaki mishipa mitupu. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa akimpelekea mboga kwenye bakuli, na kila mara alirudi akitikisa kichwa. "Serikali imetuletea mtu wa kutufundisha kulima," aliniambia, "na mtu mwenyewe namlisha mimi."

Lakini shambani kwa wengine alikuwa mkali. Aliyechelewa kung'oa na kuchoma mabua ya pamba baada ya mavuno aliandikiwa faini. Aliyeacha majani katikati ya mistari aliandikiwa faini. Hakupokea kuku wala hakusikiliza hadithi za ugonjwa. Ndiyo maana watu hawakumwelewa walipomwona jioni, mtu yuleyule, amepiga magoti mbele ya magugu.

Alikuwa Mwislamu wa kweli, wa sala tano. Hapo alipata mtihani ambao hakuwahi kuumaliza, kwa sababu mgagani hufungua maua yake karibu kabisa na Magharibi. Alikuja shambani na mkeka mdogo umekunjwa kwenye keria ya baiskeli. Jua likizama aliutandika njiani, akasali, akaukunja, akarudi mbio kwenye maua. Niliwahi kumwuliza kama hapitwi na mengi.

"Napitwa na mgeni wa kwanza," alisema. "Karibu kila siku napitwa na wa kwanza. Nimeomba nisamehewe kwa kuwa huwa namfikiria nikiwa nimesujudu."

Nondo hao hakuwaita wadudu waharibifu, ingawa ndivyo vijitabu vya wizara vilivyowaita, na mshahara wake ulilipwa kwa ajili ya kuwaua. Aliwaita wageni. Mtu akianza kuwatukana alimkatiza: "Tuhesabu kwanza, tutachukia baadaye." Alikuwa na imani kwamba hawakuwa wa kwetu. Alisema wanatoka milima ya magharibi, mbali kupita Biharamulo, huko mpakani ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kila mwezi, na maua hayakosekani miteremkoni. Na kwamba upepo ukigeuka, wageni hao hupanda juu sana, juu kuliko kunguru, wakaja usiku kucha bila kuona chini, mpaka harufu ya ua iwashushe. Hakuwa na ushahidi. Katika daftari, sehemu hiyo aliiandika kwa penseli. Lakini jioni nyingine, kazi ikiisha, tulikuwa tunabaki tumekaa kwenye mawe tukitazama upande ule, naye akieleza milima ambayo hajawahi kufika: rangi ya ukungu wake asubuhi, maua ya manjano yanayofika kiunoni, nondo waliolala chini ya majani kwa maelfu wakisubiri upepo. Alieleza taratibu, kama mtu anayekumbuka. Mara nyingi nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nami nimewahi kupita huko, na nililala nikiota ukungu.

Mimi kazi yangu nyingine ilikuwa fundi baiskeli, na ndivyo alivyoniita: Fundi. Nilisoma mpaka darasa la nne. Baada ya hapo nilijisomea vijitabu vya pamba, karatasi za maelezo ya mashine, chochote chenye namba. Labda ndiyo maana alinizoea. Alinifundisha kutumia kibao chake, ambacho alikichonga mwenyewe: kipande cha ubao chenye matundu mawili mawili, na njiti za kiberiti. Unapita shamba kutoka kona hadi kona, unasimama kwenye miche ishirini na minne, unatazama ncha na vitumba. Ukiona yai, ambalo ni jeupe na dogo kama chembe ya mchanga, unasogeza njiti. Njiti ikivuka mstari mwekundu, unapiga dawa. Isipovuka, unarudi nyumbani na dawa yako.

Kijijini hakuna aliyefanya hivyo. Sisi tulipiga dawa kwa kalenda: Mwenyekiti anapiga filimbi kila wiki ya pili, watu wote wanabeba mabomba, funza wawepo wasiwepo. Amri ilitoka juu, na Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuisimamia. Aliisimamia. Jioni akaandika katika daftari lake kwamba ni upotevu.

Madaftari hayo yalifika kumi na matatu. Yaliyomo yalikuwa wazo moja. Nondo hupenda maua ya mgagani kuliko maua ya pamba. Akiyakuta, hunywa hapo na kutaga hapo. Na funza anayezaliwa juu ya mgagani hufuatwa na nyigu wadogo weusi ambao humtia mayai yao mwilini na kummaliza. Basi pembeni mwa pamba uachwe mgagani, upana wa hatua tatu, uchanue wakati uleule pamba inapochanua. Pamba itapumzika. Dawa itapungua.

Aliliandikia hilo ofisi ya wilaya kila mwaka. Mwishowe mkubwa wake akamjibu. Alinisomea barua ile nikiwa nabadilisha tairi. Alipewa ekari moja, kwa msimu mmoja, kama angepata mkulima wa kukubali. Shamba likiharibika, mambo ya mgagani yaishe kabisa, asiyaandike tena, na yeye atahamishiwa kituo kingine.

"Msimu mmoja, Fundi," alisema akiikunja barua. "Nimewatazama wageni miaka kumi na miwili. Ofisi haikunipa hata misimu miwili."

Alipeleka ombi lake kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Bwana Shamba, mwaka jana mimi hapa nililipa faini kwa ajili ya majani. Karatasi ile aliandika nani?"

"Niliiandika mimi, Mwenyekiti."

"Na mwaka huu majani yamekuwa dawa?"

"Yale yalikuwa ndago. Huu ni mgagani. Tofauti yake ni kubwa."

"Kubwa kama ya ng'ombe na simba!" alipiga kelele Mama Shija kutoka kwa wanawake. "Nayo hiyo haijui!"

Mkutano ulivunjika kwa kicheko. Yeye alicheka pia, lakini nilimwona anavyokunja na kukunjua kofia yake. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema sawa, Fundi atoe shamba lake, ila sheria ya kijiji ni ileile: shamba likikutwa na majani, faini ni shilingi ishirini.

Ekari yangu ilikuwa na pande mbili ndefu. Upande wa magharibi ulipakana na mawe makubwa, ambayo ndani ya ufa wake waliishi nyuki wakali. Upande wa mashariki ulipakana na njia ya kwenda kisimani. Pande zote mbili tuliacha mgagani uote wenyewe, na mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Halafu Bwana Shamba akaitwa kwenda kusimamia upandaji katika vijiji vingine vitatu, akawa haji ila kwa nadra. Kabla ya kuondoka aliniagiza neno moja: nisiruhusu jembe kufika pale. Nililirudia neno hilo nyumbani. Jembe halikufika.

Ilipoingia wiki ya pamba kuanza kuchanua, nilikuwa nafurahi. Mgagani wa upande wa njia ulikuwa umeshamiri kuliko wa upande wa mawe. Ulikuwa mfupi kidogo, lakini mnene, umejaa matawi, wa kijani kibichi. Bwana Shamba alirudi jioni moja ya wiki hiyo, akiwa na vumbi la safari, akasali njiani, akasimama na saa yake. Saa kumi na mbili na arobaini na saba ikapita. Saa moja ikafika. Upande wa mawe, mbali, tuliona weupe ukitetemeka. Mbele yetu halikufunguka ua hata moja.

Aliinama akashika tawi. Akashika jingine. Akapitisha kidole juu ya ncha.

"Fundi, hizi ncha zimekatwa kwa ukucha. Zote. Nani anakuja hapa?"

Tulienda nyumbani. Mama Kulwa alikuwa anasonga ugali, na kando ya jiko palikuwa na chungu cha mboga. Nilimwuliza mboga ile imetoka wapi.

"Pembeni mwa shamba. Kwani wapi kwingine kuna mgagani mzuri hivyo?"

"Unachuma wewe peke yako?"

"Mimi, Mama Shija, na wote wanaopita kwenda kisimani. Wengine wamekausha hadi ya kiangazi."

"Mama Kulwa! Si nilikwambia pale pasiguswe?"

Aliweka mwiko chini. "Uliniambia pasilimwe, hukuniambia tusile. Na ulitaka niwafukuze wenzangu? Kwa mboga iliyojiotea? Waseme nini juu yangu?"

Hapo kosa letu lote lilikuwa limesimama mbele yangu, na lilikuwa kosa la watu wawili wasiochuma mboga. Kwetu mboga iliyopandwa ina mwenyewe, lakini iliyojiotea haiombwi. Anayepita anachuma, na mwanamke anayemkataza mwenzake anakuwa amejitenga na kijiji. Hilo nililijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuliwaza, kwa kuwa mboga ilinifikia mezani ikiwa imeshapikwa. Bwana Shamba hakulijua kabisa. Tabora mjini mgagani unauzwa sokoni kwa fungu. Na mgagani unaochumwa ncha kila siku hauchanui; unaongeza matawi na majani, ndiyo maana wanawake huuchuma hivyo.

Nilitegemea angekasirika. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akavua kofia.

"Miaka kumi na miwili," alisema, "nimeandika kila kiumbe kinachokula mgagani. Nyuki, nyigu, siafu, mbuzi. Watu sikuwaandika."

Asubuhi yake Mama Shija alikuja, akiwa na kikapu, amesikia. "Ungesema mapema kuwa ni mboga ya nondo, Bwana Shamba, tungewaachia. Sisi tulidhani umetuonea huruma." Hakuwa anamdhihaki. Siku ile wanawake waliacha kuchuma, wote. Lakini mgagani wa upande wa njia ulihitaji wiki tatu kuchanua, na wageni hawakusubiri wiki tatu. Waliushukia upande wa mawe, waliokosa nafasi huko wakashukia pamba ya upande wa njia.

Tulipima kila upande kwa kibao chake. Upande wa njia, njiti ilivuka mstari mwekundu wiki ile ile. Tulipiga dawa, ikavuka tena. Upande wa mawe ilipanda, ikakaribia mstari, ikarudi.

Mkubwa wake alikuja na Landrover wiki ya nne. Gari lilisimama njiani, kwa hiyo alichokiona ni kile kilichokuwa karibu na njia: vitumba vimetobolewa, maua yameanguka, na pembeni magugu yenye afya. Alivunja kitumba kimoja, akamtoa funza, akamwonyesha Bwana Shamba juu ya kiganja.

"Naomba tuvuke upande wa pili," Bwana Shamba alisema. "Ni hatua sabini tu. Upande huu mgagani ulichelewa kuchanua, kuna sababu. Naomba uone upande wa pili."

"Nimeshaona."

"Hatua sabini, mkubwa."

"Bwana, nina vijiji vinne leo."

Mlango wa gari ukafungwa. Mwenyekiti, ambaye alikuwa pale, aliniandikia faini yangu kabla vumbi halijatulia. Barua ya uhamisho ilifika mwezi mmoja baadaye, vitumba vikiwa bado vya kijani. Asubuhi ya kuondoka alikuja kunipa mkono. Aliomba radhi kwa ajili ya shamba langu. Nilimwambia hakuna haja. Alisema ipo, akapanda lori lililojaa mahindi, akakaa kwa uangalifu mbali na ng'ombe wawili waliokuwa wamefungwa nyuma.

Wakati wa mavuno nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilichuma na kupima kila upande peke yake, na kuuza peke yake. Nilitaka kujua. Nilipojua, nilikuwa na karatasi ambayo ilipaswa kufika ofisi ya wilaya, mwendo wa siku moja kwa baiskeli, na mimi nilikuwa fundi baiskeli. Sikwenda. Nilisema nitakwenda baada ya kuchoma mabua. Nikasema baada ya kupanda. Ukweli ni kwamba niliogopa faini nyingine, na niliogopa kusimama mbele ya meza ya mtu aliyesoma kuliko mimi na kumwambia hakuvuka hatua sabini. Bwana Shamba mpya alikuja. Alikuwa mtu mzuri. Filimbi ya kila wiki ya pili iliendelea.

Ilipita miaka kumi na mmoja. Nilikwenda Geita mjini kutafuta spea, maana wachimbaji wa dhahabu walikuwa wengi kule na baiskeli zao zilikufa haraka. Njaa iliponishika niliingia mgahawa mmoja wa mabati karibu na stendi. Mama mmoja alikuwa akipakua wali, na mzee mrefu, kanzu safi, alikuwa akikusanya sahani. Wachimbaji wawili, wekundu kwa vumbi, walikuwa wakimtania.

"Mzee, leo nyama yangu ina mifupa mitano!"

"Sita," alisema mzee. "Mmoja umeuficha chini ya wali."

Mwenzake akampigia mzee makofi. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

Aliweka sahani chini, akanitazama. "Marahaba. Fundi." Kisha, kabla hata sijakaa: "Mama Kulwa hajambo? Na Mama Shija?" Nilisema hawajambo. Yule mama wa wali alikuwa binti yake. Mzee alikuwa amestaafu na kuja kuishi naye. Binti alituletea chai. Mzee aliniambia habari za vituo alivyohamishiwa, viwili, vyote vya pamba. Nilimwuliza madaftari yako wapi.

"Niliyaacha. Nilipiga dawa kwa kalenda mpaka nikastaafu." Alizungusha kikombe chake. "Nilikosea, Fundi. Nilipenda nondo kuliko nilivyopenda shamba lako, nikakutia hasara. Jambo hilo huwa nalikumbuka."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia nilipima kila upande peke yake. Karatasi sikuwa nayo, lakini sikuihitaji. Upande wa mawe, pamba safi kilo mia moja sabini na moja, fifi, ile chafu ya daraja la pili, kumi na nne. Upande wa njia, safi kilo sitini na mbili, fifi arobaini na moja.

Alisogeza kikombe kando, chai ikamwagika kidogo. Kisha akaanza kuniuliza, kwa sauti ile ya zamani, kama anayemhoji shahidi.

"Mizani ileile?"

"Ileile."

"Mbegu?"

"Gunia moja."

"Samadi uliweka upande gani?"

"Sikuweka popote."

"Nyuki walikuwa upande wa mawe tu." Alifikiri. "Basi labda ni nyuki, si mgagani. Nyuki huongeza vitumba."

"Nyuki hawazuii funza kutoboa, Bwana Shamba. Nilihesabu matundu pia. Upande wa njia, kitumba kimoja katika kila vitatu. Upande wa mawe nilipata kimoja katika kumi na tisa."

Uso wake ulibaki vilevile, ila mkono uliokuwa juu ya meza ulifunguka. Nje wachimbaji walikuwa wakibishana juu ya shimo lao, nani ashuke kwanza. Akaniuliza kwa nini sikumwandikia, wala sikuipeleka ofisini. Nilimwambia ukweli kama nilivyouandika hapa. Alinisikiliza akitikisa kichwa taratibu, na hakunisamehe kwa maneno wala hakunilaumu.

"Ungewapelekea kilo wasingesoma," alisema mwishowe. "Wangesoma fedha. Tuifanye fedha. Bei ilikuwaje?"

"Safi shilingi mbili, fifi moja."

Alichovya kidole kwenye chai iliyomwagika, akaandika juu ya meza. Upande wa mawe, mia tatu hamsini na sita. Upande wa njia, mia moja sitini na tano. Tofauti, mia moja tisini na moja.

"Dawa?"

"Upande wa njia tulipiga mara tano, upande wa mawe mara mbili. Shilingi tisa kila mara."

"Ishirini na saba. Ongeza. Mia mbili na kumi na nane."

"Baba," binti yake aliita kutoka jikoni, "mnahesabu deni la nani?"

"Si deni, mwanangu. Hii ni faida." Alilitamka neno lile kwa uangalifu. Kisha akanigeukia. "Faini yako uliilipa?"

"Niliilipa. Ishirini. Lakini hiyo tuiache."

"Hatuiachi. Ilitokana na mgagani, tuitoe." Akaifuta hesabu ya mwisho kwa kiganja na kuandika nyingine, kwa tarakimu kubwa kidogo, akaiacha ikauke: shilingi mia moja na tisini na nane.